Programu ya kutunza funguo ikashindwa na neno Ng'iresi

Nimeitumia hii programu ya kutunza funguo za enkripsheni, yaani za kufunga mafaili yasisomeke bila ufunguo, wiki saba sasa, ofisini kwetu hapa Arusha, sisi tunafanya safari za mbugani na kupandisha wageni mlimani, na nimeona niandike kwa urefu kwa sababu najua kuna ofisi nyingine hapa mjini zimeshapelekewa demo na jamaa hao hao na wanakaribia kulipa. Jina la programu na la kampuni siweki, tunaendelea kuongea nao na shimo moja bado halijazibwa. Ila ukiletewa demo fanya lile jaribio nililolieleza hapo chini kabla hujatoa hela, ni la sekunde tano tu.

Kwanza inafanya nini, maana watu wengi wanaichanganya na programu za kutunza paswedi. Mgeni akija kupanda Kilimanjaro anatujazia fomu, kuna kopi ya pasipoti, bima, namba ya ndugu wa kupigiwa kukitokea shida, na fomu ya afya, kama ana presha, pumu, dawa anazomeza, kama aliwahi kuzidiwa akiwa juu. Kilele ni mita 5,895 kwa hiyo hayo mambo ya afya kiongozi wa msafara lazima ayajue, lakini hayamhusu mtu mwingine yeyote. Zote tunazienkripti kabla hazijaenda kwenye bakapu. Na enkripsheni yenyewe, kwa njia inayoitwa AES ya biti 256, haina neno, hakuna atakayekaa aivunje kwa kubahatisha. Tatizo siku zote ni ufunguo. Uko wapi, nani anaruhusiwa kuuchukua, ukibadilishwa yale mafaili ya zamani yanafunguliwaje, na kijana akiacha kazi anaondoka na nini kwenye flashi yake. Ndo kazi ya programu ya aina hii, inazalisha funguo, inazipa majina, inazibadilisha kila baada ya muda, inaandika logi nani kachukua upi saa ngapi, na funguo zenyewe inazifunga kwa ufunguo mkuu mmoja ili hata mtu akiiba databesi asipate kitu cha kutumia.

Kabla yake funguo zetu zilikuwa kwenye faili moja la Excel kwenye lapitopu ya mhasibu. Najua wengi wenu mko hapo hapo leo, wala siwalaumu.

Mazuri yapo na sitaki kuwaonea. Menyu zote ni Kiswahili, na ni Kiswahili cha mtu anayejua kazi, dada zetu wa mapokezi waliielewa siku ya kwanza bila semina. Ni nyepesi, inakaa kwenye kompyuta ya kawaida hapo hapo ofisini, intaneti ikikata haijali, umeme ukikatika katikati ya kazi ukirudi unakuta kila kitu kipo. Kuomba ufunguo kunahitaji watu wawili, mmoja anaomba mwingine anakubali kwenye simu yake, hii niliipenda sana kwa sababu hata mimi admini siwezi kufungua fomu za wageni peke yangu usiku. Bei ni laki tisa kwa mwaka, kwa ofisi ya watu kumi na moja inabebeka. Mama, yaani bosi wetu, alikubali siku hiyo hiyo ya demo, na mimi ndo nilimshauri akubali.

Sasa wiki ya pili, asubuhi, dada wa bukingi akaniita. Kwao ni Ng'iresi kwenyewe, pale juu kwenye miteremko ya Meru. Sisi tunapeleka wageni kijijini kule, wanatembea mashambani, wanakula kwa wenyeji, wengine wanalala, kwa hiyo kuna kabrasha la siku nyingi la wageni wa Ng'iresi na lina ufunguo wake peke yake. Mgeni mmoja wa mwaka juzi alikuwa ameandika anarudi na mke wake, anaomba tuangalie alichojaza kuhusu mzio wa karanga. Dada akaenda kwenye kisanduku cha kutafuta ufunguo, akaandika Ng'iresi, akabonyeza tafuta.

"Kaka, njoo uone, hii kitu imekataa kwetu."

Nikaenda. Boksi jekundu limejaa skrini nzima, maneno ya Kiingereza, na katikati yake amri nzima ya databesi ipo wazi, jina la jedwali, majina ya safu, na mwishoni hivi: LIKE '%Ng'iresi%'. Nilikaa kwenye kiti chake nikaisoma mara mbili. Mikono ilipoa, maana nilijua ni nini hata kabla sijagusa kitu.

Kwa asiyejua nieleze. Kwenye SQL, lugha ya kuiamrisha databesi, ile alama ya mkato wa juu, ritifaa, ndo inaonyesha maandishi yameanzia wapi na yameishia wapi. Mtengenezaji alichukua kilichoandikwa na mtumiaji akakibandika moja kwa moja katikati ya amri. Databesi ikasoma Ng, ikaona ritifaa, ikajua maandishi yameisha, halafu iresi iliyobaki ikaichukua kama amri, haikuielewa ikapiga kelele. Ni kama unamtuma mtoto dukani na karatasi umeandika "mpe huyu kilo moja ya" ukaacha nafasi ajaze mwenyewe kwa kalamu ile ile, akajaza "sukari, halafu mpe na ufunguo wa stoo". Muuza duka anasoma karatasi nzima kwa sauti moja, hajui wapi umeishia wewe na wapi kaanza mtoto. Anayejua hilo ataandika kitu kingine baada ya ritifaa, kitu ambacho databesi inakielewa vizuri tu na inakitii.

Hili tatizo, kwa Kiingereza SQL injection, si geni hata kidogo. Limeelezwa hadharani tangu Desemba 1998, kwenye jarida la wadukuzi la Phrack. OWASP, shirika la usalama wa programu, kwenye orodha yao ya hatari kubwa ya 2017 waliliweka namba moja pamoja na ndugu zake wa aina hiyo, 2021 likawa namba tatu. Na dawa inafundishwa vyuoni, hata hapa hapa Arusha kijana wa mwaka wa pili anaijua, unaandika amri na kuacha alama ya nafasi, kisha kile alichoandika mtumiaji unakipeleka pembeni kama data, databesi haikisomi kama amri hata kikiwa na ritifaa mia. Kwa programu ya duka la nguo ningekasirika kidogo yakaisha. Hii ni programu ambayo kazi yake yote hapa duniani ni kulinda funguo.

Nikamwambia Mama. Nikamwomba ruhusa ya maandishi, nikachukua lapitopu ya zamani, nikasimika kopi nyingine ya programu yenye wageni wa uongo na funguo za uongo, nikachomoa waya wa mtandao. Hili nalisisitiza, usijaribu kwenye seva ya mtu mwingine hata kama nia yako ni njema, Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inakataza kuingia kwenye mfumo wa mtu bila idhini. Nikaingia kwa akaunti ya ngazi ya chini kabisa, ile ya bukingi, ambayo inatakiwa ione majina ya funguo za safari tu.

Ndani ya saa moja kisanduku cha kutafuta kilikuwa kinanionyesha funguo zote, za mishahara, za mikataba, za akaunti za benki. Hapo bado nilikuwa na matumaini kidogo, nikasema sawa, ameziona lakini zimefungwa kwa ufunguo mkuu, ni makasha yaliyofungwa, hawezi kuyafungua. Nikaendelea kutembea kwenye majedwali mengine kupitia kisanduku hicho hicho. Kuna jedwali linaitwa mipangilio. Mstari wa kwanza jina la ofisi, wa pili nembo, wa tatu saa za kazi, wa nne rangi ya menyu. Mstari wa tano ulikuwa na herufi 44 zisizo na maana yoyote, zinaishia na alama ya sawasawa moja.

Mtu aliyezoea haya mambo akiona herufi 44 zinazoishia hivyo anajua hapo kuna baiti 32 zimeandikwa kwa base64, njia ya kuandika data kwa herufi za kawaida, na baiti 32 ni biti 256. Nikazigeuza. Nikazitumia kufungua ufunguo mmoja wa majaribio. Ukafunguka. Nikachukua fomu ya mgeni wa uongo niliyekuwa nimemwandikia mwenyewe asubuhi ile kwamba ana pumu, nikaifungua, na neno pumu likatokea kwenye skrini, bila mtu wa pili kukubali chochote kwenye simu yake.

Ufunguo mkuu ulikuwa umewekwa kwenye databesi ile ile pamoja na funguo unazozifunga, jirani na rangi ya menyu. Hapa ndo niliumia kuliko kwenye ile ritifaa. Kosa la kwanza ni la uzembe wa mstari mmoja, hili la pili mtu alikaa akaamua. Ukifunga nyumba ukaning'iniza ufunguo kwenye kitasa hapo umefunga nini.

Nikaangalia logi. Tupu. Logi yao inaandikwa na kile kitufe cha "omba ufunguo", usipokibonyeza hakuna kinachoandikwa, kwa hiyo mwezi mzima mtu angeweza kuchota na ripoti ya Mama ya Jumatatu ingesema hakuna aliyegusa kitu.

Na kuna jambo lingine watu wakisikia wizi wa funguo hawalifikirii, nalo ni kufuta. Kwenye kopi yangu nilibadilisha hali ya ufunguo mmoja kutoka "hai" kwenda "umeharibiwa", kupitia njia ile ile. Usiku programu ikafanya usafi wake wa kawaida ikaufuta kweli. Asubuhi fomu zote za ufunguo ule zilikuwa takataka, bakapu ipo, mafaili yapo, ukubwa ule ule, na hakuna mtu duniani wa kuyafungua, AES haimwonei huruma mwenye mali. Sasa fikiria imetokea Julai, wageni wako geti la Machame na wapagazi wameshapima mizigo, kiongozi anaulizia nani ana tatizo la moyo.

Nikawapigia. Kijana wa sapoti ni mstaarabu, hilo nalisema, alipokea simu mara ya kwanza na hakunikatia. Jibu lake ndo lilinivunja nguvu: "Kaka, kwa sasa hivi andikeni Ngiresi bila ile alama, itakubali."

Nikamwambia kwanza hilo si jina la kijiji. Ng' na ng ni sauti mbili, mtoto wa darasa la kwanza anajua ng'ombe na ngome havianzi sawa, na dada aliyekaa pembeni yangu akisikiliza kwenye spika anatoka huko. Nchi hii ina watu wangapi wenye ng' kwenye majina yao, Usukumani huko, Umasaini, hao wote tuwaambie waandike nusu ya jina kwa sababu programu inaogopa ritifaa? Na pili, mwizi hatafuata ushauri wako wa kutoandika alama.

Wiki iliyofuata wakaleta apdeti. Ukiandika ritifaa kwenye kisanduku inafutika yenyewe kabla hujabonyeza. Nikacheki, kazi hiyo inafanyika kwenye brauza tu. Nikapeleka ombi lile lile moja kwa moja kwa seva bila brauza, kwa programu ndogo inaitwa curl, mstari mmoja, boksi jekundu likarudi vile vile. Mlango walikuwa wameupaka rangi.

Mkuu wao wa ufundi ndo akanipigia baada ya hapo, tukaongea karibu saa nzima, na alisema jambo ambalo nataka kulijibu hapa kwa haki kwa sababu wengine wataambiwa hivyo hivyo. Alisema hata wakubwa yamewakuta. Ni kweli. IBM kwenye Security Guardium Key Lifecycle Manager, programu ya kazi hii hii inayotumiwa na mabenki, walitangaza 2023 kwamba ina SQL injection, namba yake kwenye orodha ya dunia ya mashimo ya programu ni CVE-2023-25684, vesheni kuanzia 3.0 mpaka 4.1.1. Mwaka huo huo HashiCorp Vault, nayo ya kutunza siri na funguo, CVE-2023-0620, upande wa kuhifadhi kwenye databesi ya Microsoft, ikazibwa kwenye vesheni 1.13.1, 1.12.5 na 1.11.9. Hata GnuPG, programu ya bure ya kuenkripti na kuweka saini, ambayo mimi naiamini sana, 2018 Marcus Brinkmann aligundua kwamba jina la faili lililofichwa ndani ya ujumbe linaweza kubeba alama ya mstari mpya, na kinachofuata baada ya hapo programu nyingine zikakisoma kama taarifa ya kweli ya GnuPG kwamba saini ni halali. Siyo SQL hiyo lakini ni ugonjwa ule ule, maneno ya mgeni kusomwa kama maneno ya mwenye nyumba. Ikazibwa kwenye 2.2.8.

Lakini angalia hizo habari nimezipata wapi. Wamezitangaza. Kuna namba, kuna vesheni zilizoathirika, kuna vesheni ya dawa, mimi niliyekaa Njiro hapa Arusha naweza kujua leo kama niko salama au la. Hawa jamaa wetu nilipowauliza wateja wengine mmewaambia, alinyamaza kidogo akasema hawataki kuwatia watu hofu. Kuna ofisi zina funguo zao humo na hawajui. Tangu 1 Mei 2023 Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi imeanza kufanya kazi na taarifa za afya ni kati ya zile nyeti kabisa, na wa kujibu mbele ya Tume ya sheria hiyo ni sisi tuliochukua fomu ya mgeni, muuza programu hatakuwepo. Nilimwambia hivyo, nikamwambia na mimi nitaandika bila kuwataja, na mkizijulisha ofisi nyingine nitaandika hilo pia.

Apdeti ya pili imekuja wiki iliyopita na safari hii wamefanya kazi. Kisanduku cha kutafuta sasa kinapeleka maneno pembeni kama data, nimejaribu kwa brauza na kwa curl, imetulia. Logi sasa inaandikwa na databesi yenyewe, nimeipima, nikigusa jedwali la funguo kwa njia yoyote inaandika. Ufunguo mkuu wameutoa kwenye jedwali la mipangilio wakauweka kwenye faili kwenye seva hiyo hiyo. Ni afadhali, ila bado sijaridhika, anayeiba kompyuta nzima anaondoka na vyote viwili. Nimewaomba waukate vipande kwa ile hesabu ya mtaalamu wa enkripsheni Adi Shamir ya 1979, vipande vitano, vitatu vyovyote vikikutana vinatosha kuuwasha, vichache ya hapo havisemi kitu. Vault wanafanya hivyo hivyo tano kwa tatu. Kwetu kimoja atakaa nacho Mama, kimoja mhasibu, kimoja mimi, kimoja mzee wetu wa madereva ambaye hajawahi kupoteza hata ufunguo wa gari, na cha tano sefu ya benki.

Shimo lililobaki liko kwenye ripoti, pale unapochagua kupanga orodha kwa jina au kwa tarehe. Jina la safu ya kupangia huwezi kulipeleka pembeni kama data, SQL haikubali hivyo, kwa hiyo waliliacha limebandikwa kama zamani. Dawa yake ni programu iwe na orodha yake ya safu zinazoruhusiwa, nne au tano tu, kingine chochote kikija ikikatae. Nimewaandikia hadi mistari ya kubadilisha. Ndo maana sitaji jina.

Kwa hiyo nyota mbili kati ya tano kwa leo, na hizo mbili ni za Kiswahili chake na ile idhini ya watu wawili kwa simu, vitu ambavyo sijaviona kwenye programu nyingine ya bei hii na ningependa sana vibaki. Hela yetu sijaomba irudishwe. Funguo za kweli nimezitoa zote, nikazizalisha upya maana zile za mwanzo siwezi kuziamini tena, mafaili yote tukayaenkripti upya, ilituchukua Jumamosi mbili mpaka giza. Kwa sasa tunatumia GnuPG na flashi mbili, moja sefuni na nyingine kwa Mama, ni usumbufu na dada wa bukingi wananiita mara nane kwa siku, lakini nalala.

Ukipelekewa demo, usibishane na muuzaji, mwombe tu kibodi, andika Ng'iresi kwenye kila kisanduku unachokiona, cha kutafuta, cha jina la ufunguo, cha jina la mtumiaji. Likija boksi jekundu funga lapitopu mkanywe chai. Isipokuja muulize ufunguo mkuu unakaa wapi, na akuonyeshe, asikueleze.

Dada jana kajaribu tena kwenye kopi ya majaribio. Kaandika Ng'iresi ikamletea rekodi mbili, zote na ritifaa yake mahali pake. Ile ya ripoti wameahidi Ijumaa, nikiipima nitaongeza hapa hapa chini.